Mchezo wa kuteleza kwa magurudumu: Vijana wameupenda, watauchezea wapi?

Nairobi, Kampala, Mombasa, Dar es Salaam: vijana waliovaa viatu vya magurudumu wamekuwa jambo la kawaida mijini. Mchezo wa ubao wa magurudumu umeingia kwenye Olimpiki, na video zake zinafika kwenye simu za watoto hata katika vijiji ambavyo havina kilomita moja ya lami. Makala hii inaeleza mchezo huu ulitoka wapi, kwa nini unakua haraka, na kwa nini wazazi na viongozi wa vijiji wanapaswa kuanza kufikiria jambo moja mapema: sakafu.

Tunazungumzia mchezo gani?

Kwanza tuelewane kuhusu majina. Vijana wengi husema "kuskeiti", neno walilolichukua kwenye Kiingereza na kulitumia kwa michezo kadhaa inayofanana. Mzazi ambaye mtoto wake anaomba "sketi" aulize kwanza ni ya kuvaa kiunoni au miguuni.

Michezo yenyewe ni mitatu. Wa kwanza ni kuteleza juu ya barafu kwa viatu vyenye chuma chembamba chini yake. Wa pili ni kuteleza kwa viatu vya magurudumu, ambavyo huwa na magurudumu manne yaliyopangwa mawili mbele na mawili nyuma, au yaliyofuatana kwa mstari mmoja. Wa tatu ni ubao wa magurudumu, ambao wachezaji huuita skeitibodi. Huo mtu hausimami ukiwa umefungwa miguuni. Anapanda juu yake, anausukuma kwa mguu mmoja, kisha anaruka na kugeuka nao.

Yote mitatu inafanana kwa jambo moja. Mpira wa miguu unaweza kuchezwa kwenye vumbi, kwenye majani, hata shambani baada ya mavuno. Mchezo wa kuteleza hauwezi. Gurudumu la skeitibodi lina kipenyo cha sentimita 5 au 6 tu, na kijiwe kidogo kama punje ya hindi kinatosha kulisimamisha ghafla na kumrusha mchezaji mbele. Kwa hiyo ukifuatilia historia ya mchezo huu, utakuta ni historia ya watu wanaotafuta mahali laini.

Ulianza kwa watu wa vijijini

Wengi hudhani huu ni mchezo wa watoto wa mjini wenye fedha. Asili yake ni tofauti. Maelfu ya miaka iliyopita, watu wa kaskazini mwa Ulaya walifunga mifupa ya farasi na ng'ombe chini ya viatu vyao wakati wa baridi kali, maziwa na mito ilipoganda. Walijisukuma kwa fimbo na kuteleza. Haukuwa mchezo wakati huo. Ulikuwa usafiri wa wakulima na wavuvi, njia ya kufika kijiji cha pili bila kuzunguka ziwa lote.

Baadaye watu wa Uholanzi wakaacha mifupa na kutumia chuma chenye makali. Chuma hicho kiliuma barafu, na mtu akaweza kujisukuma kwa miguu yake mwenyewe bila fimbo. Nchi yao imejaa mifereji ya maji, na mifereji ikiganda, kila mfereji uligeuka barabara. Watu walikwenda sokoni, kanisani na kutembelea ndugu kwa kuteleza.

Kumbukumbu ya maisha hayo ipo hadi leo. Katika jimbo la Friesland, kaskazini mwa Uholanzi, kuna mashindano yaitwayo Elfstedentocht, maana yake safari ya miji kumi na mmoja. Washiriki huteleza karibu kilomita 200 kwa siku moja. Mashindano rasmi ya kwanza yalifanyika mwaka 1909. Lakini hayafanyiki hadi barafu iwe na unene wa sentimita 15 njia nzima, na mara ya mwisho barafu kufikia hapo ilikuwa mwaka 1997. Majira ya baridi yamepungua ukali, na kizazi kizima cha vijana wa Friesland kimekua bila kuyaona mashindano ambayo babu zao waliyasubiri kila mwaka. Sakafu yao ilitengenezwa na hali ya hewa, na hali ya hewa imeichukua.

Kutoka barafu hadi magurudumu

Watu wa nchi zenye barafu walitamani kuteleza hata wakati wa joto, na hapo ndipo wazo la magurudumu lilipozaliwa. Mmoja wa watu wa kwanza kukumbukwa ni John Joseph Merlin, fundi wa saa na vifaa vya muziki aliyezaliwa katika eneo ambalo leo ni Ubelgiji, akahamia London mwaka 1760. Inasimuliwa kwamba aliingia kwenye karamu akiwa na viatu vya magurudumu huku akipiga fidla. Alishindwa kugeuka, akashindwa kusimama, akavunja kioo kikubwa cha thamani na kujiumiza.

Kisa hicho kinachekesha, lakini kinaonyesha tatizo lililochukua karibu miaka 100 kupata ufumbuzi: viatu vilikwenda mbele tu. Mwaka 1863, James Plimpton wa New York, Marekani, aliweka vipande vya mpira kati ya kiatu na magurudumu. Mtu akiegemea upande mmoja, magurudumu yanageukia upande huo. Miaka ya 1880 beringi, zile gololi ndogo za chuma ambazo kila fundi baiskeli anazijua, zikaingizwa kwenye magurudumu na kuyafanya yazunguke kwa wepesi.

Baada ya hapo kumbi za kuteleza zenye sakafu za mbao zilienea Marekani na Uingereza. Na palipo na sakafu pana mwenye sakafu. Kwa miongo mingi, kumbi nyingi za Marekani ziliwazuia watu weusi, au ziliwapangia usiku wao maalum. Ndiyo maana viatu vya magurudumu vina nafasi yake pia katika historia ya kudai haki. Mwaka 1963, Ledger Smith, mtelezaji mweusi wa Chicago, aliteleza kwa viatu vya magurudumu kutoka mji huo hadi Washington kuhudhuria maandamano makubwa yaliyohutubiwa na Martin Luther King. Alitumia siku 10 kwa umbali wa karibu kilomita 1,100, unaokaribiana na safari ya barabara kutoka Mombasa hadi Kampala.

Skeitibodi: ndugu wa kigari cha mbao

Skeitibodi ina historia ambayo mtoto yeyote wa kijijini angeielewa bila kufafanuliwa. Miaka ya 1950 huko California, Marekani, vijana walichukua magurudumu ya viatu vya kuteleza, wakayapigilia misumari chini ya ubao, wakashuka nayo mteremkoni. Wengi wao walikuwa wapanda mawimbi ya bahari waliotaka kitu cha kucheza siku ambazo bahari imetulia.

Ni ubunifu ule ule wa mtoto wa kwetu anayetengeneza kigari cha mbao chenye beringi zilizotupwa gereji, au anayeteleza mlimani juu ya gome la mgomba baada ya mvua. Huko Goma na vijiji vya Kivu, mashariki mwa Kongo, watu wazima wametumia akili hiyo hiyo kutengeneza chukudu, baiskeli ya mbao isiyo na pedali inayobeba magunia ya viazi na makaa kushuka milima. Hamu ya kushuka kwa kasi juu ya ubao haikuja kwetu na intaneti.

Mambo mawili yaliibadilisha skeitibodi miaka ya 1970. La kwanza ni gurudumu. Magurudumu ya mwanzo yalikuwa ya chuma au udongo mgumu, yaliteleza vibaya na kukwama kwenye kila kokoto. Mwanzoni mwa muongo huo Frank Nasworthy alianza kuuza magurudumu ya plastiki maalum, laini na imara, yaliyoshika ardhi vizuri. La pili ni ukame. Mwaka 1976 na 1977 California ilikosa mvua, matumizi ya maji yakabanwa, na mabwawa mengi ya kuogelea nyuma ya nyumba za matajiri yakabaki matupu. Vijana wakaingia humo, mara nyingi bila ruhusa. Kuta za mviringo za mabwawa yale zikawafundisha kupanda juu na kushuka, na viwanja vingi vya skeitibodi vinavyojengwa leo vinaiga umbo la bwawa tupu.

Waliokataza na waliojenga

Serikali zilikuwa na hofu, na hofu yao ilikuwa na sababu. Watoto walivunjika mikono, na wengine waligongwa na magari. Norway ilichukua hatua kali kuliko wengi: mwaka 1978 ilipiga marufuku skeitibodi, na marufuku hiyo ikadumu hadi 1989. Mchezo haukufa. Vijana waliingiza mbao zao kwa siri na kujenga viwanja vya maficho msituni, mbali na macho ya polisi na pia mbali na msaada pale mtu anapoumia.

Marekani tatizo lilikuwa la kisheria. Viwanja binafsi vilivyojengwa miaka ya 1970 vilifungwa kimoja baada ya kingine, kwa sababu wamiliki waliogopa kushtakiwa na bima ilikuwa ghali. Vijana walipokosa viwanja walihamia mitaani: kwenye ngazi za benki, vyuma vya kushikia na viti vya bustani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 jimbo la California lilibadilisha sheria, likapunguza uwezekano wa mji kushtakiwa mchezaji anapoumia kwenye kiwanja cha umma chenye masharti ya usalama. Baada ya hapo miji mingi ikaanza kujenga viwanja vya zege.

Somo la nchi hizo mbili linafanana. Kukataza hakukuondoa mchezo. Kulibadilisha tu mahali unapochezewa, na mara nyingi mahali papya palikuwa hatari zaidi.

Olimpiki na simu

Kuteleza kwenye barafu kuliingia katika Olimpiki zamani, mwaka 1908 mjini London. Skeitibodi ilisubiri zaidi ya miaka 100. Iliingia kwa mara ya kwanza katika Michezo ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021 baada ya kuahirishwa kwa sababu ya janga la korona.

Kilichoshangaza dunia ni umri wa washindi. Katika mashindano ya wanawake ya mtaani, yaani yale yenye ngazi na vyuma, Momiji Nishiya wa Japani alipata dhahabu akiwa na miaka 13. Rayssa Leal wa Brazil, naye miaka 13, alipata fedha. Katika mashindano ya kiwanja cha mabonde, Kokona Hiraki wa Japani alipata fedha akiwa na miaka 12, umri wa mtoto wa shule ya msingi. Mashindano hayo hayo yalikuwa na Dallas Oberholzer wa Afrika Kusini, mwenye miaka 46. Mjini Paris mwaka 2024, Arisa Trew wa Australia na Coco Yoshizawa wa Japani walipata dhahabu, kila mmoja akiwa na miaka 14.

Habari ya Rayssa Leal inaeleza vizuri nguvu ya simu. Yeye hakutoka Rio de Janeiro wala São Paulo. Alikulia Imperatriz, mji wa kaskazini mashariki mwa Brazil, ukanda ambao ni miongoni mwa maeneo maskini ya nchi hiyo. Mwaka 2015, akiwa na miaka 7, alirekodiwa akiruka ngazi kwa skeitibodi huku amevaa gauni la malaika wa hadithi lenye mabawa. Video hiyo ilisambaa duniani kote. Miaka sita baadaye alikuwa na medali ya Olimpiki.

Viatu vya magurudumu navyo vilipata msukumo mpya wakati wa korona. Mwaka 2020, kumbi zilipofungwa na michezo ya timu kusimamishwa, watu wengi waligeukia kitu ambacho mtu anaweza kufanya peke yake nje. Oumi Janta, mzaliwa wa Senegal anayeishi Berlin, alijulikana duniani kwa video akicheza dansi kwa viatu vya magurudumu. Mahali alipokuwa akicheza ni uwanja wa zamani wa ndege wa Tempelhof. Uwanja huo ulifungwa kwa ndege mwaka 2008, na badala ya kuuzwa ulifunguliwa kwa wananchi. Njia pana ya ndege ikawa sakafu ya watu wote.

Hali ikoje Afrika?

Afrika Mashariki ina historia yake, na haikuanza jana. Mwaka 2005 hoteli ya Panari jijini Nairobi ilifungua ukumbi wa barafu, na humo kukazaliwa timu ya magongo ya barafu ya Kenya, Ice Lions, katika nchi iliyokatwa na ikweta. Mwaka 2006 vijana wa Kitintale, viungani mwa Kampala, akiwemo Jackson Mubiru, walijenga kiwanja cha skeitibodi kwa zege pamoja na marafiki kutoka nje. Mwaka 2013 kiwanja kikubwa kilijengwa kwenye kituo cha watoto cha Shangilia, eneo la Kangemi, Nairobi, kwa msaada wa shirika la Ujerumani la skate-aid. Addis Ababa ilipata kiwanja cha umma mwaka 2016, na Accra, Ghana, mwaka 2021.

Ukitazama orodha hiyo utaona jambo: karibu vyote viko katika miji mikuu, na vingi vilijengwa kwa mchango kutoka nje. Lakini kuna mfano wa kijijini. Dallas Oberholzer, yule mchezaji wa Olimpiki tuliyemtaja, ndiye aliyeanzisha kambi ya skeitibodi katika kijiji cha Isithumba, kwenye mabonde ya KwaZulu-Natal, nje ya jiji la Durban. Watoto wa kijiji cha Wazulu wamejifunza mchezo huu katikati ya milima na mashamba.

Mfano mwingine ni wa nje ya Afrika, nao unahusu wasichana. Mwaka 2007, raia wa Australia Oliver Percovich alianza kufundisha skeitibodi mitaani Kabul, Afghanistan, na shirika lake likaitwa Skateistan. Wakati huo wasichana hawakuruhusiwa na jamii kupanda baiskeli wala kucheza mpira hadharani. Skeitibodi ilikuwa ngeni kiasi kwamba hakuna aliyekuwa ameamua bado kuwa ni ya wavulana. Maelfu ya wasichana waliingia, na kucheza kukaambatana na masomo. Kurudi kwa Taliban madarakani mwaka 2021 kulibana nafasi hiyo. Hata hivyo somo linabaki: mchezo mpya hauna wenyewe, na ukiingia kijijini kwa mpango, msichana anaweza kuukuta mlango ukiwa wazi.

Lami ina mwenyewe

Sasa tuje kwenye hatari. Katika miaka ya karibuni barabara nyingi za Afrika Mashariki zimewekwa lami, na kijiji kikipata lami, hiyo huwa sakafu laini ya kwanza ambayo watoto wake wamewahi kuiona. Watoto watacheza hapo. Mwenye kigari cha beringi atakuwa wa kwanza kufika, na mwenye viatu vya magurudumu vya kuazima atafuata.

Lakini lami ile imejengwa kwa ajili ya magari. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka, na ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Hakuna ugonjwa unaozifikia katika umri huo.

Fikiria hesabu hii. Nchini Kenya na Tanzania, mwendo wa juu unaoruhusiwa gari linapopita kwenye makazi ni kilomita 50 kwa saa. Huo ni karibu mita 14 kwa kila sekunde moja. Mtoto aliyevaa viatu vya magurudumu kwenye mteremko anahitaji muda na nafasi ya kusimama, na anayejifunza hajui bado kusimama. Dereva akimwona akiwa umbali wa mita 28, wana sekunde mbili.

Kibaya zaidi ni mtindo wa kushika nyuma ya lori au matatu ili kuvutwa. Unaonekana kwenye video nyingi, na watoto wanauiga. Dereva hamwoni aliyeshika nyuma. Gari likikwepa shimo, yeye halioni shimo mpaka yuko ndani yake. Gari likifunga breki, yeye hana breki. Wazee husema mtoto akililia wembe mpe, kwa maana maumivu yatamfundisha. Wembe hukata kidole. Lori halimpi mtoto nafasi ya kujifunza.

Kwa hiyo kazi ya mzazi na mwenyekiti wa kijiji ni ngumu kidogo. Kumwambia mtoto atoke barabarani ni sahihi. Lakini ukishamwambia hivyo, atauliza aende wapi, na swali hilo ni la haki.

Sakafu inagharimu nini?

Kenya, Tanzania na Uganda zimepewa uenyeji wa pamoja wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, na ujenzi wa viwanja vikubwa ulianza Nairobi, Arusha na Hoima. Hilo ni jambo la fahari. Lakini uwanja wa watu 30,000 mjini haumfikii mtoto wa tarafa ya mbali. Sakafu ya zege inaweza kumfikia, na hesabu yake haitishi kama inavyodhaniwa.

Chukua sakafu ya meta 10 kwa 8, yenye unene wa sentimita 10. Hiyo ni meta 8 za ujazo za zege. Kwa mchanganyiko wa kawaida wa saruji moja, mchanga mbili na kokoto nne, meta moja ya ujazo hula mifuko 6 hivi ya saruji ya kilo 50. Jumla ni kama mifuko 50. Sakafu hiyo inatosha watoto wachache kujifunza kwa zamu. Ukitaka ukubwa wa kiwanja cha mpira wa kikapu, meta 28 kwa 15, utahitaji meta 42 za ujazo, sawa na mifuko 260 hivi. Mchanga, kokoto na nguvu kazi vinaweza kuchangwa na wananchi, kama inavyofanyika kwa madarasa.

Hapa kuna pingamizi la kweli. Kijiji kisicho na zahanati au choo cha kutosha shuleni kitaona vigumu kumwaga zege kwa ajili ya mchezo, na hakuna wa kukilaumu. Jibu liko katika kuifanya sakafu iwe ya kazi nyingi. Kila msimu wa mavuno tunaona mahindi yakianikwa pembeni mwa lami, yakikanyagwa na magari na kuchanganyika na mchanga. Sakafu safi ya kijiji inaweza kuanika mahindi, mpunga au maharage msimu wa mavuno, ikawa uwanja wa netiboli na mikutano siku nyingine, na jioni ikaachiwa watoto wenye magurudumu. Ushirika wenye ghala, shule yenye uwanja wa gwaride, kanisa au msikiti wenye ua wa saruji, wote tayari wana sakafu. Wakati mwingine kinachokosekana ni ruhusa na ratiba tu.

Fundi aelezwe mambo matatu mapema. Sakafu ilainishwe vizuri kwa mwiko, isiwe na mikwaruzo mirefu. Iwe na mwinamo mdogo ili maji yasituame. Na baada ya kumwagwa ilowekwe maji kila siku kwa angalau siku 7, la sivyo itapasuka, na ufa ni adui wa gurudumu dogo.

Mtoto wangu anataka kuanza. Nifanye nini?

Ukiwa mzazi, mwalimu au kiongozi wa kikundi, zingatia haya:

Anza na kinga kabla ya magurudumu. Mfupa unaovunjika zaidi katika mchezo huu ni wa kifundo cha mkono, kwa sababu anayeanguka hujikinga kwa viganja. Jeraha linaloua ni la kichwa. Kofia ngumu iliyofungwa kidevuni ni lazima. Kinga za viganja, viwiko na magoti zinafuata kwa umuhimu. Kofia ya bodaboda iliyo kubwa kuliko kichwa cha mtoto haimlindi, inamzibia macho.

Afundishwe kuanguka siku ya kwanza. Akunje magoti, ashuke chini, aangukie mbele kwenye magoti na viganja vyenye kinga. Anayesimama wima kama mti huangukia kisogo.

Afundishwe kusimama kabla ya kwenda kasi. Mtoto ambaye hawezi kusimama kwa hiari yake hayuko tayari kwa mteremko.

Sakafu ifagiliwe kila mara kabla ya kucheza. Kokoto moja iliyosahaulika inatosha kuleta kilio.

Kagueni viatu vya mitumba kabla ya kununua. Zungusha kila gurudumu kwa kidole. Likisimama mara moja au likitoa mlio wa kusaga, beringi imeingia vumbi au imeoza. Beringi ni rahisi kubadilisha. Ganda la kiatu lililopasuka halifai kabisa.

Nunueni kwa kikundi. Mguu wa mtoto hukua, na kiatu kinachomtosha leo kitamwachia mdogo wake baada ya mwaka. Shule au kikundi chenye jozi chache za saizi mbalimbali kinahudumia watoto wengi kuliko familia moja yenye jozi moja.

Na barabara ibaki marufuku, pamoja na kushika gari lolote, hata la mjomba.

Mchezo wa kuteleza ulianza na wakulima waliojifungia mifupa miguuni ili wafike kijiji cha jirani. Ukapita kwenye kumbi za mbao, mabwawa matupu na njia ya ndege iliyostaafu. Kila mahali ulipostawi kwa usalama, kuna mtu aliyekubali kutoa sakafu. Katika mkutano ujao wa kijiji, lami inapojadiliwa, mtu aulize na hilo pia: magari yamepata njia yao, watoto watapewa ipi?